Wageni wa Harusi Mjini Unguja

Harusi ya Unguja ina kichekesho chake. Wageni wametoka Dar, Mombasa, wengine Maskat, wote kwa ajili ya watu wawili ambao ndio pekee wasio na nafasi ya kuwatembeza. Biharusi yumo ndani na somo wake, anasuguliwa singo na kufukizwa udi, na mlangoni hatokezi. Bwana harusi naye hakai: mpishi wa biriani anataka samli, shekhe anataka kujua nikaha ni baada ya alasiri au baada ya isha. Basi maharusi hubaki kuagiza. "Mawifi zangu wapelekeni Forodhani, lakini usiku. Na kabla ya hapo wale urojo." Wanaotumwa ni wadogo zao, binamu zao, au kijana aliyeazima gari ya ami yake. Ukitaka kujua maharusi wanaupendea nini mji wao, sikiliza maagizo hayo.

Mgeni asiyejua desturi hudhani ziara inaanzia Mji Mkongwe. Haianzii huko. Inaanza kwa kusalimia wazee, na asubuhi nzima huishia hapo. Bibi mzaa baba yuko Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na ngazi ni lazima zipandwe. Shangazi yuko Kikwajuni, na hakubali mtu aondoke bila ya kunywa chai. Kwa kuwa wageni hulazwa nyumba tofauti, huyu kwa jirani, yule kwa mke wa kaka, kila nyumba ina wazee wake wa kusalimiwa. Mimi naona hii ndiyo sehemu bora ya ziara yote. Watalii wengi huondoka bila ya kuijua Ng'ambo, yaani mitaa kama hii iliyo nje ya Mji Mkongwe, na huko ndiko watu wengi wa mji huu wanakolala na kuolea.

Adhuhuri ikikaribia, wanawake huteremka Darajani. Jengo la soko ni la 1904, lakini hakuna anayekwenda kutazama jengo. Wanatafuta udi, mawardi, iliki, doti za kanga za kuvaa sare usiku wa hina, na asumini za kumfungia biharusi kikuba. Mgeni wa Dar akiuliza bei peke yake atatajiwa ya kwake. Akiuliza shoga wa biharusi, muuzaji hutaka kwanza kujua harusi ni ya nani, na aghalabu huibuka kuwa anawajua. Bei huteremka hapo hapo.

Urojo unataka maelezo zaidi, maana wageni wengi wanaudharau kwa sura. Bakuli ni dogo. Muuzaji hukatakata viazi vya kuchemsha, akatia bajia mbili tatu na kachori, kisha akamimina ule uji mwepesi wa manjano ulioungwa kwa embe mbichi au ndimu. Juu hunyunyiza chipsi nyembamba za muhogo, akaongeza chatne ya nazi, na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa mtu. Anayetaka huongezewa mishikaki au yai. Hauliwi polepole, kwani ile mihogo ikilowa tu utamu wake umekwisha. Kila familia ina muuzaji wake na haitaki kusikia sifa za mwingine, na maharusi wakitofautiana kwa hili, wageni hula mara mbili.

Wanaume njia yao ni nyingine. Marafiki wa bwana harusi huwakalisha wageni Jaws Corner, kwenye mabaraza, wanywe kahawa chungu na kashata na wasikilize siasa mpaka adhana. Wazee hutaka pia waonyeshwe Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, ingawa sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Husimama nje, wakasimulia. Usiku, wanawake na wanaume hukutana Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya 2009, kunywa maji ya miwa yenye tangawizi. Chakula cha pale kimekuwa cha watalii na bei zake pia. Hata hivyo upepo wa bahari ni uleule, na watoto wenyeji bado wanajirusha majini kutoka ukutani.

Aliyejaaliwa kufika siku ya mazoezi ya taarabu asikose. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na Culture Musical Club ya Vuga tangu 1958. Kusikia fidla na ganuni zikirudia kipande kimoja mara kadhaa kunafurahisha kuliko ukumbi wa harusi wenye spika za kupasua masikio.

Shamba ni baada ya walima, si kabla. Waliopelekwa Nungwi asubuhi ya nikaha wamekuwa wakirudi na ngozi zilizoungua, wakasinzia wakati wa biriani. Kusini kuna utulivu zaidi: Jozani kwa kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki, kisha Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi upande wa kibla yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wageni wa Maskat husimama hapo muda mrefu kuliko popote, wengine wakijaribu kuzisoma herufi.

Siku ya kuondoka, mwenyeji anayejua kazi yake huwapitisha kwa muuza halua kabla ya bandarini. Inunuliwe ya siku hiyo, ikiwa bado ina joto, na itiwe katika vikapu vidogo vya ukili. Maharusi bado wako fungate, kwa hiyo mzigo wa kuaga hubebwa na wadogo zao, na halua hulipiwa kwa pesa alizoziacha bwana harusi tangu juzi.