Kabla ya Mbegu, Pima Udongo

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipotulia mwaka 2008, kikundi cha vijana wa Kibera, Nairobi, kiliamua kulima jaani. Walizoa taka za miaka mingi, wakapanda sukuma wiki, spinachi na maboga, wakiongozwa na mtaalamu wa kilimo hai, Su Kahumbu. Udongo ulipopimwa ulikutwa na zinki nyingi. Ndipo ikapandwa alizeti, mmea wenye uwezo wa kufyonza metali kutoka ardhini.

Alizeti ile ina somo kwa kila kikundi kinachotaka kulishia mtaa wake mboga safi. Wengi hudhani kilimo hai ni kuacha dawa na mbolea za dukani, basi. Lakini kiwanja kitupu cha mjini mara nyingi kimeshatumika: pengine palikuwa gereji, au mahali pa kuvunjia betri kuukuu. Madini ya risasi yakishaingia udongoni hayaozi. Hudumu vizazi na vizazi. Mboga huyapata kupitia mizizi, na zaidi kupitia vumbi na matope yanayonata kwenye majani. Mtoto ndiye anayeumia kuliko wote, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kikundi iende maabara, kabla ya kununua hata pakiti moja ya mbegu. Na hata alizeti haisafishi ardhi kwa msimu mmoja; ikivunwa, mabua yake yasitiwe kwenye mboji wala kulishwa mbuzi, maana sumu itarudi palepale.

Udongo ukionekana mbaya, shamba halijafa. Kibera hiyohiyo imezoea bustani za magunia. Katikati ya gunia husimamishwa mkebe usio na kitako, hujazwa kokoto, na pembeni hushindiliwa udongo safi uliochanganywa na samadi iliyoiva. Kisha mkebe huvutwa juu kidogo, hujazwa tena, hadi gunia lifike ukingoni. Kokoto hizo hushusha maji mpaka chini. Miche huchomekwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Maji nayo yana kesi yake. Mchicha usiopigwa dawa yoyote, lakini ukamwagiliwa maji ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambao hupokea majitaka ya viwanda na ya makazi, hauna haki ya kuuzwa kama mboga safi. Mvua ni mbadala wa kweli: paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 tu, hukinga karibu lita 1,000.

Mnunuzi atajuaje haya yote? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Ukaguzi wa kampuni ni ghali kwa kikundi kidogo, lakini upo utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe, wanunuzi wakishirikishwa. Kwa shamba la mtaa huo ndio unaofaa zaidi: mama anayenunua sukuma wiki jioni ana haki ya kuingia shambani, kuuliza samadi imetoka zizi gani, na kusomewa majibu ya maabara.