Mazoezi kwa Kila Kundi: Mchakamchaka Mmoja Hauwafai Wote

Mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhimiza mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Katika mwambao wa Tanga, mchakamchaka wa alfajiri ndio mazoezi ya pamoja yaliyozoeleka zaidi. Hata hivyo, kikundi kinapokimbia kwa mwendo wa vijana, mzee mwenye shinikizo la damu hubaki nyuma, akaona haya, na wiki inayofuata haonekani tena. Anayeyahitaji mazoezi zaidi ndiye anayekuwa wa kwanza kuyaacha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha wastani ni rahisi: mtu aweze kuzungumza akiwa katika mazoezi, lakini ashindwe kuimba. Kwa mzee, kutembea kwa haraka kunaweza kutosha kufikia kiwango hicho. Kijana huenda akahitaji kukimbia. Kwa sababu hiyo, kiongozi wa kikundi anapaswa kwanza kujua umri, afya na kazi ya kila mshiriki.

Wazee wanahitaji zaidi mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, angalau siku tatu kwa wiki, kwa kuwa kuanguka huweza kuvunja nyonga. Kuinuka kitini na kukaa mara kumi, au kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukishika ukuta, ni mwanzo mzuri. Kwa matembezi ya ufukweni, mchanga mgumu maji yanapokupwa ni salama zaidi kuliko mchanga laini unaoyumbisha miguu.

Wenye shinikizo la damu wapimwe kwanza katika zahanati, waanze taratibu, na wasibane pumzi wanapoinua kitu kizito, kwani kufanya hivyo hupandisha shinikizo ghafla. Wenye kisukari wavae viatu vinavyowatosha na wakague nyayo kila siku, maana kidonda kidogo kisichohisiwa huweza kuwa kikubwa. Wanaotumia insulini wawe na kitu cha sukari karibu.

Wajawazito wasio na matatizo wanaweza kuendelea kutembea na kunyoosha viungo baada ya kushauriana na mhudumu wa kliniki. Waepuke jua kali, na wasilale chali wakati wa mazoezi baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kizunguzungu, kutokwa na damu au maumivu ya tumbo ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda kituo cha afya.

Wavuvi na wakata mkonga tayari hutumia nguvu nyingi kazini. Kuwaongezea mbio ndefu jioni ni kuwachosha bure. Kinachowafaa ni kunyoosha mgongo, mabega na mapaja. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, na michezo ya kukimbizana huwatosha vizuri. Watumiaji wa viti mwendo wapangiwe mazoezi ya mikono na kifua, katika uwanja usio na mashimo.

Muda na mahali pia huamua nani atakuja. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mwambao hudai mazoezi yafanyike kabla jua halijapanda, na maji ya kunywa yawepo. Katika mwezi wa Ramadhani, mazoezi mepesi karibu na saa ya kufuturu, au baada ya futari kutulia tumboni, huwafaa wafungao. Wanawake wengi hujisikia huru zaidi katika ua au ukumbi uliositirika kuliko barabarani.

Haba na haba hujaza kibaba: dakika kumi wiki ya kwanza, kisha zikiongezwa kidogo kidogo, hujenga mwili bila kuuumiza. Wananchi wanaotaka kuanzisha vikundi wanashauriwa kuonana na mtendaji wa kata kuhusu eneo, afisa michezo kuhusu ratiba, na zahanati iliyo karibu kwa vipimo kabla ya kuanza.