Nyumba za mnada: bei rahisi yaweza kuwa ghali

Matangazo ya nyumba zinazouzwa na mabenki kwa mnada hujaza kurasa za magazeti ya Nairobi kila wiki, na wawekezaji wadogo huyasoma kwa hamu. Bei huvutia, lakini faida humwendea anayejua sheria inasema nini kabla nyundo haijagongwa.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki humpa ilani ya miezi mitatu. Akikaa kimya, hupewa ilani nyingine ya siku 40 kwamba mali itauzwa. Kisha dalali wa mnada, kwa kanuni za mwaka 1997, humpa siku 45 za kukomboa mali yake, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Ilani moja ikikosekana, mahakama yaweza kuusimamisha mnada, na mnunuzi aliyekuja na hundi mkononi akarudi nayo nyumbani.

Kabla ya mnada bado kuna nafasi. Mwenye nyumba ana haki ya kulipa deni na kuikomboa mali hadi wakati inapouzwa. Kwa hiyo mnunuzi aweza kupatana naye, benki ikiridhia, fedha zikalipa deni kwanza na salio likabaki kwa mwenye nyumba. Mara nyingi njia hii huepusha kesi.

Nyundo ikishagongwa, haki hiyo ya kukomboa hukoma. Mshindi hulipa amana papo hapo, mara nyingi asilimia 25, na salio kwa muda uliotajwa katika masharti, ambao kwa kawaida ni siku 90. Asiye na ahadi ya mkopo mapema huenda akaipoteza amana hiyo.

Bei ya chini mno nayo ni mtego. Nyumba yenye thamani ya Sh milioni 8 sokoni ikiuzwa kwa Sh milioni 6 au chini, yaani pungufu ya asilimia 25 au zaidi, sheria huichukulia benki kuwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, na mwenye nyumba aweza kuomba mahakama ibatilishe mauzo.

Mnunuzi makini hufanya upekuzi wa hati kwa msajili wa ardhi, huulizia malimbikizo ya kodi katika kaunti, huhakikisha kwamba mume au mke wa mkopaji aliridhia rehani ya nyumba ya ndoa, na huitembelea nyumba aone nani anaishi humo. Kuwahamisha waliomo kwaweza kumwangukia yeye. Gharama hizo, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini, zijumlishwe kabla ya kuinua mkono. Rahisi huwa ghali.