Kaimu wa Metodi Tuli katika Majaribio ya Programu

Jaribio la kipande hupima sehemu moja ndogo ya programu ikiwa imetengwa na sehemu nyingine. Ili utengano huo uwezekane, mahali pa hifadhidata au saa ya kompyuta huwekwa kaimu, yaani kitu cha kuigiza kinachotoa majibu yaliyopangwa na mjaribu. Kazi hii ni nyepesi pale programu inapokipokea kitu halisi kutoka nje. Ugumu huzuka katika metodi tuli, ambayo ni mali ya klasi yenyewe na huitwa moja kwa moja kwa jina la klasi hiyo. Hapo hapabaki mlango wa kumwingizia kaimu.

Mfano dhahiri ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ambao ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na ambao umetumika pia Rwanda, nchi inayopakana na Ngara. Huduma zake nyingi hupatikana kupitia metodi tuli za klasi iitwayo Context. Kwa sababu hiyo, baadhi ya majaribio yake yalitegemea PowerMock, zana inayobadili klasi wakati inapopakiwa. Tangu toleo la 3.4.0 la mwaka 2020, zana ya Mockito nayo huruhusu jambo hilo, kwa sharti kwamba kaimu afungwe jaribio linapokwisha. Asipofungwa, huweza kuvuruga majaribio yanayofuata.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, zahanati iliyoko Rulenge ambayo programu yake huorodhesha wagonjwa waliopitisha siku ya kuchukua dawa. Iwapo tarehe ya leo hutolewa na metodi tuli, jaribio lililofaulu leo laweza kushindwa kesho. Kaimu akijibu daima "tarehe 5 Machi", jaribio hutulia. Hata hivyo, kaimu hujibu alichofundishwa tu. Kama kompyuta halisi inafuata saa za Greenwich, orodha inayotolewa saa nane usiku itahesabu kuwa bado ni tarehe 4. Mgonjwa aliyepaswa kufika tarehe 4 ataachwa nje ya orodha, ilhali jaribio limefaulu.

Kwa hiyo, kaimu wa metodi tuli afaa zaidi katika programu kongwe isiyoweza kubadilishwa upesi. Katika programu mpya, yafaa saa ipokewe kama kitu, pamoja na majira yake. Java ina klasi ya Clock kwa kazi hiyo tangu toleo la 8 la mwaka 2014. Aidha, jaribio la kipande halina budi kufuatwa na jaribio linalotumia saa halisi.