Kupokezana Uongozi wa Chama

Treni ya TAZARA hupita hapa Kisaki. Inatoka Dar es Salaam, inakwenda Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Safari yake ni kilomita 1,860. Dereva anayeiondoa treni Dar es Salaam siye anayeifikisha Kapiri Mposhi. Njiani yeye huteremka na mwingine hupanda. Abiria wengi hawana habari. Wengine wamelala, wengine wananunua ndizi dirishani. Treni haikupotea njia, basi wao hawaulizi nani anaiendesha.

Vyama vyetu vya kujitolea havibadilishi dereva kwa urahisi namna hiyo. Chama cha kujitolea ni chama ambacho watu wake hufanya kazi kwa faida ya wote bila kulipwa mshahara. Kamati ya maji ni mfano. Kikundi cha kuweka na kukopa ni mfano. Watu wa Msalaba Mwekundu wanaotoka kuwasaidia wenzao wakati wa mafuriko nao wamejitolea. Katika vyama hivi kubadilisha kiongozi ni jambo gumu. Je, ni kwa nini?

Mtu wa mshahara akiacha kazi, ofisi yake hubaki. Mafaili yapo. Mkubwa wake yupo. Mtu mwingine ataletwa. Lakini kiongozi wa kujitolea mara nyingi anabeba chama kizima kichwani mwake. Yeye ndiye anayejua nani anadaiwa. Yeye ndiye anayejua fundi wa pampu anakaa wapi. Daftari liko nyumbani kwake, ndani ya sanduku la nguo. Siku akihama, au akifa, chama kinaondoka pamoja naye. Pampu ya kisima inaweza kusimama miezi mingi, si kwa sababu ya chuma kukatika, bali kwa sababu hakuna anayejua fedha za vipuri ziko kwa nani. Akina mama wanarudi kuchota maji mtoni.

Hebu tuangalie chama kimoja kikubwa, tuone wenzetu wanafanyaje. Chama hicho kinaitwa Rotary. Kilianzishwa tarehe 23 Februari 1905 katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa mwanasheria, jina lake Paul Harris. Siku hiyo walikuwa watu wanne tu. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, siku nyingine katika ofisi ya yule. Jina la Rotary limetoka hapo, maana yake ni kitu kinachozunguka. Kwa Kiswahili tungeweza kukiita "chama cha zamu".

Afrika ya Mashariki klabu ya kwanza ilianzishwa Nairobi mwaka 1930. Siku hizi zipo klabu katika miji mingi ya Tanzania, na Morogoro mjini pia. Wanachama ni wafanyabiashara, madaktari, walimu, wahasibu na kadhalika. Hukutana, huchanga fedha, na hufanya kazi za msaada kama vile kuchimba visima na kununua vifaa vya hospitali. Kwa miaka mingi kanuni zao ziliruhusu wanaume peke yao. Wanawake walikubaliwa mwaka 1989. Miaka yote ile walijinyima mikono ya nusu ya watu, na hasara ilikuwa yao wenyewe.

Sasa tazama mpango wao wa uongozi. Klabu moja ina mwenyekiti wake, wao humwita rais. Klabu nyingi za eneo kubwa hukusanywa pamoja. Sisi hapa tutaliita eneo hilo kanda. Mkuu wa kanda huitwa gavana. Juu ya kanda zote yuko rais wa dunia nzima. Na wote hawa, mkubwa na mdogo, wanakaa katika kiti kwa mwaka mmoja. Mwaka wao huanza tarehe 1 Julai. Ukifika mwisho wa Juni, kiongozi anatoka. Awe amefanya vizuri au vibaya, anatoka.

Huenda ukasema mwaka mmoja ni mfupi mno. Mtu hajazoea kazi, tayari anaambiwa ondoka. Mimi pia naona hivyo. Kwa kikundi cha kijiji miaka miwili au mitatu ni afadhali. Lakini wao wanafanikiwa kwa sababu hawangoji siku ya mwisho kumtafuta mtu. Gavana huchaguliwa miaka miwili au zaidi kabla ya kuanza kazi. Kwa hiyo wakati wowote utakaofika kwenye kanda yao utakuta watu watatu katika mstari mmoja. Yuko anayeongoza sasa. Yuko atakayeongoza mwakani. Na yuko atakayeongoza mwaka wa tatu. Wale wawili hawakai kusubiri. Wanahudhuria mafunzo, wanafuatana na mwenzao, wanaziona klabu na matatizo yake. Zaidi ya hao, gavana mmoja wa zamani hutajwa mapema kuwa msaidizi, ashike kazi kama gavana aliyepo atashindwa kuendelea.

Mkulima anaelewa jambo hili bila kuelezwa sana. Anayo mahindi ya kula ghalani, anayo mengine shambani, na mbegu ya msimu ujao ameitundika juu ya moshi. Mtu asiyeitunza mbegu atakula vizuri mwaka huu tu.

Tanzania na Uganda zilipata kuwa kanda moja ya Rotary. Kanda hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2013, na ikaitwa kwa namba, 9211. Kabla ya hapo nchi hizi mbili zilikuwa katika kanda kubwa sana, pamoja na Kenya, Ethiopia na Eritrea. Klabu zilikuwa zimeongezeka, na gavana mmoja hakuweza kuzitembelea zote. Gavana wa kwanza wa kanda mpya alikuwa Emmanuel Katongole wa Uganda. Aliyempokea, Harish Bhatt, alitoka Tanzania. Kazi ikavuka mpaka wa nchi bila ugomvi. Baadaye klabu zilizidi kuongezeka na kanda hiyo nayo ikagawanywa.

Mpango mzuri unajulikana siku ya msiba. Katika Uganda alikuwako mtu aitwaye Sam Owori. Alikuwa mtu wa mambo ya benki, na alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978. Aliwahi kuwa gavana. Mwisho alichaguliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia nzima kwa mwaka wa 2018 hadi 2019. Kabla yake Mwafrika mmoja tu alikuwa amekikalia kiti hicho, naye ni Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, mwaka 2003 hadi 2004. Kutoka Afrika ya Mashariki alikuwa hajapatikana mtu. Unaweza kufikiri furaha iliyokuwako Kampala, na hata Dar es Salaam.

Tarehe 1 Julai 2017 Owori akawa rais mteule, yaani yule wa pili katika mstari. Tarehe 13 Julai 2017 alifariki huko Marekani, baada ya upasuaji. Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tu.

Fikiri kama chama kingekuwa kimemtegemea mtu mmoja. Wengine wangesema kiti apewe ndugu yake. Wengine wangesema aliyepo aongezewe mwaka. Watu wangegawanyika makundi mawili, hata matanga hayajaisha. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa tangu zamani, watu wakiwa na akili tulivu. Kanuni inasema kwamba rais mteule akifa, kamati ya uteuzi inakutana tena na kuchagua mwingine. Kamati ikakutana. Ikamchagua Barry Rassin, msimamizi wa hospitali kutoka visiwa vya Bahamas. Ian Riseley wa Australia aliyekuwa rais wakati huo akaendelea na mwaka wake mpaka mwisho. Tarehe 1 Julai 2018, siku ileile iliyokuwa ya Owori, Rassin akaanza kazi.

Afrika ya Mashariki ilipoteza nafasi yake ya kwanza, na hilo liliuma. Lakini kazi haikusimama.

Na kazi yenyewe ilikuwa ipi? Mojawapo ni vita dhidi ya polio, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watoto. Rotary ilianza mpango wake mkubwa wa chanjo ya polio mwaka 1985, ikafanya kazi pamoja na serikali na Shirika la Afya Duniani. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba nchi za Afrika zilizo katika kanda ya shirika hilo zimeondokana na virusi vya asili vya polio. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1985 mpaka 2020 ni miaka 35, na kila mwaka rais mpya. Marais zaidi ya 30 walipokezana kazi moja. Hakuna aliyekuja akasema, "Mpango huu ni wa mwenzangu, mimi naanza wangu." Mwaka 2022 mgonjwa mmoja alitangazwa katika nchi jirani ya Malawi, kwa virusi vilivyotoka nje ya Afrika. Kampeni ya chanjo ikafanyika tena, hapa Tanzania pia.

Turudi nyumbani. Wazee wa Uluguru wana utaratibu wao wa kurithi. Ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mpwa humrithi mjomba. Jina la Kingalu limepita hivyo kizazi hata kizazi. Katika ukoo jambo hilo lina maana, maana kila mtu anajua nani ni mpwa wa nani. Lakini kamati ya maji haina mpwa. Fedha zake zimechangwa na kila nyumba, wenyeji na waliohamia. Mwenyekiti akimwachia mwanawe daftari, hajarithisha mali yake. Amechukua ya watu.

Shida nyingine ni kiongozi anayetoka nusu. Amekabidhi kiti, lakini funguo anazo bado. Mkutano unaitishwa, watu wanamtazama yeye kabla ya kujibu. Mwenyekiti mpya anakuwa mwenyekiti wa jina. Hapa Baba wa Taifa alitoa mfano mapema sana. Mwezi Januari 1962, hata miezi miwili haijapita baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Rashidi Kawawa akashika kazi hiyo. Mwalimu akaenda kuimarisha chama cha TANU mikoani na vijijini. Wengi walishangaa. Hawakuwa wamezoea kumwona mkubwa akiondoka katika kiti kwa hiari yake.

Mzee aliyetoka uongozini ana faida kubwa kwa chama. Anaijua historia. Aulizwe, naye ajibu. Lakini asikae meza ya mbele kwa mwaka mmoja wa kwanza. Hii ni shauri langu tu, si kanuni ya mtu yeyote.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina njia nzuri ambayo wengi wenu mmeiona. Sanduku la fedha lina kufuli tatu. Kila ufunguo uko kwa mtu wake, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Watu huipenda njia hii kwa kuzuia wizi, lakini ina faida ya pili. Mmoja akiondoka, wengine watatu bado wanajua kilichomo. Kwa nini daftari nalo lisitunzwe namna hiyo? Katibu aandike, na mwanachama asiye wa kamati alisome kwa sauti mbele ya wote kila mkutano. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuwa msomaji huyo. Zamani katibu aliweza kusoma namba yoyote aliyoitaka, nasi tukaitikia.

Siku ya makabidhiano yenyewe isifanywe chumbani. Ifanywe mkutanoni, mchana, watu wanaona. Fedha zihesabiwe kwa mkono, na kama kuna kitabu cha benki kisomwe namba. Madeni yatajwe kwa majina, ya kudai na ya kudaiwa. Vifaa viletwe vionekane: spana, mpira wa maji, muhuri, ndoo. Kifaa kilichoharibika kiandikwe kwamba kimeharibika, asije akasingiziwa kiongozi mpya. Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni ahadi. Labda mwenyekiti alimwahidi fundi kwamba atalipwa baada ya mavuno. Labda alikubaliana na kitongoji cha jirani wachote maji siku mbili kwa wiki. Hayo hayamo katika sanduku. Aulizwe mbele ya watu, "Umemwahidi nani, na nini?" Majibu yake yaandikwe yote.

Kama kiongozi amefariki kabla ya kukabidhi, kamati iende kwa familia baada ya matanga, na mzee mmoja wa kijiji awepo. Waende kwa upole. Wafiwa wasije wakadhani wanashitakiwa. Kila kitu kinachochukuliwa kiandikwe na kusainiwa na pande mbili.

Hati ya makabidhiano huandikwa nakala tatu. Moja hukaa kwa katibu mpya. Moja hupewa kiongozi aliyetoka, iwe kinga yake. Ya tatu ipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, naye aigonge muhuri siku hiyo hiyo.