Skauti si skafu na gwaride pekee: Uongozi hujengwa kwa wajibu mdogo

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Februari 22, vijana waliovaa skafu shingoni hukusanyika mjini Nyeri, Kenya, kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, mwasisi wa harakati za Skauti duniani. Mwanajeshi huyo wa Uingereza alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1857, akaishi Nyeri miaka yake ya mwisho na kufariki dunia Januari 8, 1941.

Kwa wakazi wengi wa mijini, taswira ya skauti huishia hapo: sare, gwaride na wageni mashuhuri wanaovishwa skafu. Ndiyo maana baadhi ya wazazi huhoji iwapo Jumamosi ya mtoto wao haipotei bure. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake hutegemea namna kundi la mtoto huyo linavyoendeshwa.

Mbinu ya vikosi vidogo

Chimbuko la mafunzo haya ni vita vya Waingereza na Makaburu nchini Afrika Kusini. Mji wa Mafeking ulipozingirwa kati ya mwaka 1899 na 1900, wavulana walipewa kazi ya kupeleka ujumbe na kazi nyingine ndogo ili askari wabaki kwenye mapambano. Baden-Powell, aliyeongoza ulinzi wa mji huo, aliona kuwa kijana akiaminiwa kazi ya kweli huifanya.

Agosti 1907 alilijaribu wazo hilo katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Aliwapeleka kambini wavulana wapatao 20, wengine wakitoka shule za matajiri na wengine familia za wafanyakazi wa kawaida. Aliwagawa katika vikosi vinne, kila kimoja kikiwa na kiongozi kutoka miongoni mwao. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha mafunzo hayo, na harakati zikaenea. Leo zina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani.

Kikosi huwa na vijana sita hadi wanane, na kila mmoja hupewa dhamana yake: mmoja hutunza vifaa, mwingine fedha, mwingine husimamia chakula. Kiongozi asipohakikisha kuni zimefunikwa kabla ya mvua, kikosi kizima hulala kimechelewa kula, naye akiwamo. Somo hilo halihitaji hotuba. Viongozi wa vikosi hukutana katika baraza lao kupanga safari na kujadili nidhamu, huku mlezi akisikiliza na kuingilia pale usalama unapohitaji.

Wajibu huo hukua pamoja na umri. Nchini Kenya, mtoto huanzia ngazi ya Sungura, akapanda Chipukizi, kisha Mwamba na hatimaye Jasiri, ambako tayari ni kijana mtu mzima anayetarajiwa kuitumikia jamii.

Huduma huanza na ujuzi

Skauti hufundishwa kutenda angalau jambo jema moja kila siku bila kudai malipo. Hata hivyo, wito wao wa "uwe tayari" una maana pana kuliko utayari wa moyo. Nia njema isiyo na ujuzi inaweza kudhuru. Mtoto anayekimbilia kumpaka dawa ya meno mwenzake aliyeungua kwa maji moto ana huruma, lakini anamuumiza zaidi. Aliyefunzwa humwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa takriban dakika 20, huku akiita msaada. Vivyo hivyo, anayetokwa damu puani huinamishwa mbele na kubanwa pua, wala hainuliwi kichwa juu.

Hapo ndipo uongozi na huduma vinapokutana. Kijana aliyezoea kuwajibika kwa wenzake saba hatasubiri kuamriwa anapoona mzee ameanguka barabarani.

Mahali mambo yanapoharibika

Mafunzo haya hupoteza maana pale mlezi anapoamua kila kitu mwenyewe na kuwaachia vijana kazi ya kupiga saluti. Hupoteza maana pia kiongozi wa kikosi anapochaguliwa kwa unadhifu wa sare au alama za darasani, au huduma inapogeuzwa kuwa nguvukazi ya bure kwa shughuli za watu wazima. Harakati za Skauti hazifungamani na chama chochote cha siasa, hivyo kuwapanga watoto kupamba mikutano ya kampeni ni kwenda kinyume na misingi yake.

Gharama ya sare nayo ni kikwazo. Kundi linalomfungia mlango mtoto asiyemudu sare limesahau kuwa Brownsea iliwaketisha pamoja watoto wa tajiri na wa maskini.

Mzazi anayetaka kujua kama kundi la mwanawe linajenga viongozi hahitaji kuhesabu beji. Kwanza aulize ni watu wazima gani watakaokuwapo kambini na nani anawafahamu. Kisha amuulize mtoto: safari iliyopita ilipangwa na nani, na jambo lilipokwenda mrama, nani alilirekebisha? Jibu likiwa "mwalimu" kwa maswali yote mawili, mtoto huyo amejifunza gwaride tu.