Kikulacho ki Nguoni Mwako: Ushahidi wa Damu
Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Korona, iliyotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020 na kuenea hadi Meru na Embu, iliudhihirisha usemi huo: baadhi ya wagonjwa mahututi hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Damu huifichua hali hiyo. Interlukini-6 hupanda na kulichochea ini kutoa protini tendaji ya C (CRP) kwa wingi. Feritini, protini ihifadhiyo madini ya chuma, nayo huongezeka. Mwaka 2020, utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa nafuu itulizayo kinga, ilipunguza vifo vya waliohitaji oksijeni, ila haikuwafaa wasioihitaji. Basi tabibu wa Meru au Embu hana budi kumtambua adui kwanza, ndipo atibu.